Breki za Gari la Umeme: Anayelalamika ni Mota au ni Pedi?

"Fundi, breki zangu asubuhi zinakataa, jioni zinakubali."

Dada aliyeniambia maneno haya alikuwa ameshabadilishiwa pedi mara mbili na mafuta ya breki mara moja, na bado kila asubuhi kwenye mteremko wa kwanza gari lilikuwa linamkimbia. Nikamuuliza analichaji saa ngapi. Usiku. Mpaka asilimia ngapi? "Mia, kwani kuna nyingine?" Kazi ikaishia hapo, hatukufungua hata nati moja.

Malalamiko mengi ya breki za magari ya umeme yanafanana na yake. Gari hili lina breki mbili. Ya kwanza ni mota yenyewe: ukiachia akseleta, magurudumu yanaizungusha mota, mota inageuka jenereta, umeme unarudi kwenye betri na mwendo unapungua. Mafundi tunaiita rijeni. Ya pili ni ile ya siku zote, yaani pedi, diski, kalipa (chombo kinachozibana pedi kwenye diski) na mafuta ya breki. Kompyuta ndiyo inayogawa kazi kati ya hizo mbili, na mgawo unabadilika kila mara kwa kufuata joto la betri, kiasi cha chaji, mwendo wa gari na utelezi wa barabara. Dereva mara nyingi hapewi taarifa. Mguu wake tu ndio unaohisi kuna kitu kimebadilika, na akifika gereji anasema breki mbovu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kimeharibika nini, uliza ni breki ipi.

(Bado tunasema "kanyaga mafuta" hata kwenye gari lisilo na tone la petroli. Humu nitaandika akseleta, ili mafuta yabaki kuwa ya breki tu.)

Ukiona haya, liegeshe

Pedeli inazama mpaka sakafuni. Taa nyekundu ya breki inabaki inawaka wakati hendibreki umeshaiachia. Kuna majimaji yametiririka upande wa ndani wa tairi. Gurudumu moja linatoa moshi. Ukiona mojawapo, acha kusoma, gari lipakiwe. Na lipakiwe juu ya lori, lisivutwe kwa kamba magurudumu yakiwa chini, kwa sababu gurudumu likizunguka na mota inazunguka, nayo inaweza kuzalisha umeme usio na pa kwenda.

Kuzitenganisha breki mbili

Hesabu kidogo kwanza, kwa maana bila hiyo dalili nyingine zitakuchanganya.

Chukua gari la kilo 2,000 linalokwenda kilomita 100 kwa saa. Mwendo huo umebeba nishati ya kilojuli 770 hivi. Ukipunguza mwendo kwa upole, kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde mraba, breki zinatakiwa kumeza kilowati 110 hivi pale mwanzoni. Mota na betri za magari mengi zinaweza kuubeba mzigo huo wote au sehemu yake kubwa. Sasa mtu akatize barabara ghafla, ukanyage kwa nguvu zote. Mwendo unapungua kwa mita 9 kwa sekunde mraba, na zile kilowati 110 zinakuwa 500. Porsche Taycan, ambalo ni kati ya magari yanayosifika kwa rijeni kubwa, lilitoka likiwa na uwezo wa kurudisha hadi kilowati 265. Kilichobaki ni mzigo wa pedi.

Kwa hiyo pedi ambazo hujazisikia wiki nzima ndizo zinazoitwa siku ya hatari. Zinaweza kuwa zimeharibika miezi mingi iliyopita usijue, kwa sababu mota imekuwa ikizifichia siri.

Njia ya kuifichua siri hiyo ni N, yaani gia huru. Kwenye magari mengi ya umeme, ukiweka gia kwenye N rijeni inakatika kabisa na kila unachokanyaga kinakwenda kwenye pedi. Soma kitabu cha gari lako kwanza kama linaruhusu N likiwa kwenye mwendo. Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare na tupu. Fika kilomita 50 kwa saa, weka N, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani mpaka ukaribie kusimama, kisha rudisha D. Sikiliza na uhisi: je, gari linavuta upande? Usukani unatetemeka? Kuna sauti ya kusaga? Pedeli inashuka zaidi ya kawaida? Rudia ukiwa kwenye D. Tatizo likionekana kwenye N, liko kwenye vyuma au kwenye mafuta. Likionekana kwenye D tu, liko kwenye rijeni au kwenye makabidhiano kati ya breki hizo mbili.

Wengi hunasa hapa: kushusha kiwango cha rijeni mpaka sifuri kwenye skrini si sawa na kuweka N. Magari mengi yana rijeni ndani ya pedeli ya breki yenyewe, ukikanyaga kidogo mota inaanza kazi hata kama kwenye skrini umeandika sifuri. Mengine, kama Tesla, kwa miaka mingi yameiweka rijeni kwenye akseleta peke yake, na pedeli ya breki inakwenda moja kwa moja kwenye pedi. Jua gari lako liko kundi gani kabla ya kumsikiliza jirani mwenye gari la kundi jingine. Dalili moja inaweza kuwa ubovu kwako na hali ya kawaida kwake.

"Nikiachia akseleta gari halipungui kama jana"

Huyu ndiye yule dada. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme, hivyo kompyuta inaibana rijeni au kuizima. Baridi nayo inafanya hivyo hivyo: seli za lithiamu zikisukumiwa umeme mwingi zikiwa baridi sana, lithiamu inaganda kama utando juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na seli inaharibika. Gari linajilinda. Baada ya kilomita kadhaa betri inapata joto, chaji inashuka kidogo, na "breki" zinarudi zenyewe. Ndiyo maana jioni zilikuwa zinakubali.

Dashibodi mara nyingi inaonyesha: nukta za kijivu kwenye mstari wa nguvu, au kialama cha rijeni kilichokatwa. Wachache wanakitazama. Dawa ni kuchaji mpaka asilimia 80 au 90 kwa matumizi ya kila siku, hasa kama unakaa juu ya mlima na safari yako inaanza kwa kuteremka. Magari mengine yana chaguo la kuziita pedi zenyewe pale rijeni inapobanwa, ili gari lipungue vile vile ukiachia akseleta. Kama lako linalo, liwashe.

Ikiwa rijeni imepotea betri ikiwa nusu, hali ya hewa ni ya kawaida na hakuna ujumbe wowote, angalia mambo madogo kwanza: kuna mtu amebadilisha kiwango kwenye skrini, gari limewekwa N bila kukusudia, au kuna hali maalumu ya utelezi imewashwa. Vyote vikiwa sawa, mashine ya kusoma makosa ndiyo itakayosema, na mara nyingi itaitaja sensa ya mwendo wa gurudumu. Mfumo usiojua mwendo wa gurudumu hauithubutu rijeni.

"Mita za mwisho gari linashtuka"

Unakaribia kusimama, mguu haujabadilika, lakini gari linafanya kama limekabwa shingo. Au kinyume chake: sekunde moja kabla ya kusimama linaachia, unalazimika kuongeza mguu.

Mwendo ukishuka sana, kwenye magari mengi chini ya kilomita 10 hivi kwa saa, rijeni inanyong'onyea na pedi zinachukua zamu. Makabidhiano hayo yakifanywa vizuri huyahisi. Yasipofanywa vizuri, kichwa cha abiria ndicho kitakachokuambia.

Kompyuta haiwezi kuona pedi zinashika kiasi gani. Inakisia. Imefundishwa kwamba presha fulani ya mafuta inaleta nguvu fulani ya kusimamisha, na kwa kisio hilo inapunguza rijeni na kuongeza presha. Pedi zenye kutu juu yake zinashika tofauti na kisio. Pedi mpya ambazo hazijakaa kwenye diski zinashika tofauti, na pedi za bei nafuu za mchanganyiko mwingine nazo vile vile. Ndiyo maana mtu anabadilisha pedi na tatizo linazidi. Nikiletewa gari la kushtuka, swali langu la kwanza ni lini limeguswa mara ya mwisho na liliwekwa pedi gani.

Anza kwa kusafisha diski kama nitakavyoeleza mbele. Kama pedi ni mpya, zikalishe: breki za wastani kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa mara nane au kumi kwenye N, ukiacha nafasi ya kupoa katikati na bila kusimama kabisa. Bado linashtuka? Uliza kama kuna programu mpya ya gari lako, kwa sababu makabidhiano haya ni maandishi ya kompyuta na watengenezaji huyarekebisha. Na kuna gari ambalo limezaliwa hivyo tu. Dereva wake hujifunza kulegeza mguu kidogo kabla ya kusimama, kama tulivyofundishwa sote zamani.

"Nikipita kwenye shimo breki zinaachia"

Dalili hii inatisha kuliko zote. Unapunguza mwendo kuelekea makutano, tairi moja linapita juu ya shimo au mfuniko wa chuma uliolowa, na kwa kufumba na kufumbua unahisi gari linasonga mbele kama limesukumwa.

Gurudumu likiruka au kuteleza, ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) inataka kulidhibiti kwa presha ya mafuta, ambayo inaweza kuiongeza na kuipunguza haraka kwenye kila gurudumu peke yake. Mota moja inayoendesha magurudumu mawili haiwezi kazi hiyo. Kwa hiyo rijeni inakatwa papo hapo, na katika ule muda mfupi kabla pedi hazijajaza nafasi, mwili wako unahisi pengo. Gari halijaanza kwenda kasi, limepungua kupungua tu. Lakini nani ataniamini nikimwambia hivyo akiwa bado anatetemeka?

Pengo hili likizidi ni ubovu kweli. Mwezi Februari 2010 Toyota iliyaita zaidi ya magari 400,000 ya haibridi duniani, Prius likiwa la kwanza kwenye orodha, kurekebisha programu ya ABS kwa sababu ya kuchelewa kwa namna hii kwenye barabara mbovu au zinazoteleza. Pedi zilikuwa nzima. Mafuta yalikuwa mazima. Kilichobadilishwa ni programu.

Ukilipata tatizo hili, usiachie pedeli. Kanyaga zaidi, mguu wa nguvu unaita pedi moja kwa moja. Halafu kagua upepo wa matairi na shokomzoba, kwa sababu tairi lililojazwa kupita kiasi na shoki iliyokufa vinalifanya gurudumu lirukeruke na kuikata rijeni hata kwenye tuta dogo. Ukiwa na gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, punguza kiwango cha rijeni barabara ikilowa. Rijeni kali kwenye magurudumu ya nyuma peke yake inaweza kuutelezesha mkia kwa kuachia akseleta tu.

"Zinasaga, zinakwaruza, zinalia"

Kwenye gari la petroli, kelele za breki mara nyingi maana yake pedi zimekwisha. Kwenye gari la umeme, mara nyingi maana yake hazijatumika. Diski ni chuma cha kalibu, na kutu huanza kuonekana saa chache tu baada ya kulowa. Gari la petroli linaifuta kutu hiyo kwenye makutano ya kwanza. Gari la umeme linaweza kumaliza wiki bila pedi kugusa diski kwa nguvu ya maana. Volkswagen walipoyapa ID.3 na ID.4 breki za dramu nyuma, watu wengi waliwacheka kwamba wamerudi zamani. Mimi sikucheka. Dramu imefungwa, maji na tope haviifikii kirahisi, na kazi ya magurudumu ya nyuma katika kusimama ni ndogo.

Kutu iko ya aina mbili, na hapa ndipo macho yanahitajika. Chukua tochi, chungulia kati ya mikono ya rimu. Ukiona rangi ya chungwa nyepesi iliyosambaa uso mzima baada ya mvua au kuoshwa, hiyo ni ya juu juu, breki tatu zitaiondoa. Ukiona duara jembamba linalong'aa katikati, na pande zote mbili za duara hilo pana kutu nyeusi iliyovimba na vijishimo unavyoweza kuvihisi kwa ukucha (diski ikiwa baridi, tafadhali), basi pedi inagusa sehemu ndogo tu ya diski. Nguvu ya kusimama imepungua, na hakuna usafishaji utakaorudisha chuma kilicholiwa. Upande wa ndani wa diski huwa mbaya zaidi kuliko wa nje, na ndio usioonekana mpaka gurudumu litolewe.

Ya juu juu isafishe hivi. Barabara tupu, N, kutoka kilomita 70 hadi 20 kwa saa, kanyaga kwa uthabiti, mara tano au sita, ukiendesha kidogo katikati ili diski zipoe. Sauti itaanza kama msasa, kisha itafifia. Ikibaki ile ile baada ya mara sita, acha. Peleka kwa fundi. Baadhi ya magari yanajisafisha yenyewe kwa kuziita pedi mara kwa mara bila wewe kujua, na mengine yana kitufe cha kazi hiyo kwenye skrini. Baada ya kuosha gari usiliegeshe likiwa limelowa. Zungusha mtaa mmoja, kanyaga breki mara mbili tatu, ndipo uegeshe.

Sasa kuna kutu ambayo huioni hata ukichungulia. Niliwahi kufungua gari lililokuwa linalia upande wa kushoto. Pedi ya nje ilikuwa na nyama tele, karibu kama ya dukani. Ya ndani ilikuwa imebaki chuma kitupu, imechimba mfereji kwenye diski. Kalipa hiyo inatakiwa kuteleza juu ya pini mbili ili ibane pande zote sawa; pini ya chini ilikuwa imekauka grisi na kuganda. Kwenye mabano ya kalipa, kutu ilikuwa imevimba chini ya vile vibati vya chuma cha pua na kuzibana masikio ya pedi. Nilizigonga kwa nyundo zikatoka zikiwa zinalalamika. Nikapiga brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, vibati vipya, grisi ya breki inayostahimili joto kwenye pini. Si grisi ya kawaida, hiyo inavimbisha mipira. Gari lilikuwa na kilomita 40,000, na mwenyewe aliwahi kuambiwa kwamba pedi za gari la umeme zinafika 100,000. Zinafika, ndiyo. Ila pini lazima zifunguliwe zitiwe grisi mara moja kwa mwaka au miwili, hata kama pedi ni nene.

"Gurudumu moja lina joto" na "linavuta upande"

Haya ni ndugu. Kalipa au pini ikiganda ikiwa imebana, pedi inaburuza muda wote. Ikiganda ikiwa imeachia, gurudumu hilo halishiki na gari linavutwa na mwenzake wa upande wa pili.

Kupima hili ni rahisi zaidi kwenye gari la umeme kuliko kwenye la petroli. Endesha dakika 15 ukitumia rijeni tu, usiguse pedeli ya breki isipokuwa kusimama mwishoni. Diski zinatakiwa zote ziwe vuguvugu. Pita na kipimajoto cha mwanga, au sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Inayowaka moto peke yake imejitaja. Matumizi ya umeme yaliyopanda bila sababu huwa dalili ya mapema ya jambo hili hili, wakati mwingine wiki nyingi kabla ya harufu.

Ikiwa zote ni baridi na gari linavuta kwenye D tu, angalia upepo wa matairi na mpangilio wa magurudumu kabla ya kuzigusa breki.

"Pedeli ni laini"

Kwenye gari la zamani, pedeli laini maana yake upepo umeingia kwenye mafuta, au mpira umevimba, au kuna pahala panavuja. Kwenye gari la umeme sababu hizo bado zipo, lakini kuna jambo linalowapoteza hata mafundi wazoefu. Katika baadhi ya mifumo mipya mguu wako hausukumi mafuta yanayokwenda kwenye kalipa. Unasukuma springi na mpira vilivyowekwa ili uhisi kama unasukuma breki, sensa inasoma umekanyaga kiasi gani, na mota ndogo ndiyo inayotengeneza presha. Pedeli ya namna hiyo inaweza kuwa tamu kabisa wakati mafuta yamejaa upepo. Kompyuta itagundua kwamba inasukuma mafuta mengi kupata presha ndogo na itawasha taa. Kwa hiyo kwenye gari la aina hii, taa ina ukweli kuliko mguu.

Kutoa upepo kwenye mifumo hiyo kwa njia ya "kanyaga, shikilia, achia" mara nyingi hakutoshi. Mashine inaunganishwa, inazifungua vali za ndani kwa zamu. Fundi akikuambia haihitaji mashine, muulize kitabu cha gari lako kinasemaje.

Kuhusu mafuta yenyewe, kuna uongo unaosambaa kwamba kwa kuwa gari la umeme halitumii sana breki, mafuta hayabadilishwi. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko hata gari likiwa limelala. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 (limeandikwa kwenye chupa) yanachemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ukiteremka mlima mrefu betri ikiwa imejaa, rijeni haipo, pedi zinabeba gari zito peke yake, mafuta yenye maji yanachemka, mvuke unaingia kwenye mirija na pedeli inazama. Watengenezaji wengi wanasema yabadilishwe, au angalau yapimwe unyevu, kila baada ya miaka miwili. DOT 5 isiyo na ".1" ni ya silikoni, usiichanganye na hizo nyingine.

Halafu chungulia kopo la mafuta. Kwenye gari la petroli kiwango kinachoshuka taratibu husameheka: pedi zinaisha, pistoni zinatoka nje, mafuta yanazifuata. Kwenye gari la umeme pedi haziishi haraka hivyo. Kiwango kikishuka ndani ya miezi michache, tafuta panapovuja, usiongeze tu ukafunga boneti.

"Pedeli ni ngumu kama jiwe"

Msaada umekatika. Hakuna injini ya kutengeneza vakyumu, kwa hiyo busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma, ni ya umeme, au kuna pampu ndogo ya vakyumu inayokwenda kwa umeme. Vyote vinakula betri ndogo ya volti 12, wala si ile kubwa. Betri hiyo ikichoka, dashibodi inawasha taa kadhaa kwa mpigo: breki, ABS, usukani, hendibreki. Mtu anadhani gari lote limekufa. Pima volti kwanza; betri ya asidi na risasi iliyopumzika inatakiwa iwe juu ya 12.4. Nimeona busta nzima ikiagizwa wakati tatizo lilikuwa kibano kilicholegea.

Ukipata hali hii njiani, gari bado linasimama, ila kwa mguu mzito na kwa umbali mrefu. Kanyaga kwa nguvu zako zote, usipampu. Ukisikia pampu ya vakyumu inalia bila kukoma hata hujakanyaga, huenda mpira wake umepasuka.

"Pedeli nzuri, hakuna kelele, lakini linachelewa kusimama"

Kwenye lami kavu, gari zuri linalopungua kwa mita 9 kwa sekunde mraba linahitaji mita 43 hivi kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa, ukiongeza mita 28 kwa sekunde moja ya kushtuka. Kinachoamua mita hizo, pedi zikiwa nzima, ni tairi. Gari la umeme ni zito na torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, inakula matairi haraka, na wengi wakibadilisha wanachukua yoyote yanayoingia kwenye rimu. Angalia namba ya uzito kwenye ubavu wa tairi isiwe chini ya ile ya kiwandani. Angalia pia umri wake na upepo. Ukikanyaga kwa nguvu ABS ikaanza kudunda mapema sana kwenye barabara kavu, tairi ndilo linaloshindwa na breki hazina kosa. Ukikanyaga kwa nguvu zote na ABS haidundi kabisa, ni breki.

Mara chache sana kosa liko kwenye programu. Mwezi Mei 2018 jarida la Marekani la Consumer Reports lilipima Tesla Model 3 likasimama kwa futi 152, karibu mita 46, kutoka maili 60 kwa saa. Likakataa kulipendekeza. Siku chache baadaye Tesla ikatuma programu mpya kwa intaneti, gari lile lile likapimwa tena: futi 133, mita 40 na nusu. Hakuna aliyeshika spana. Ndiyo maana namba ya programu ya gari naiandika kwenye karatasi ya kazi kabla ya kitu kingine.

"Wa nyuma yangu wananipigia honi"

Hii si breki, ni taa zake. Chini ya kanuni ya R13-H ya Umoja wa Mataifa, rijeni ya kuachia akseleta ikipunguza mwendo zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde mraba, taa za breki lazima ziwake. Ikiwa ni 0.7 au chini yake zisiwake. Katikati mtengenezaji anachagua. Mtu akupige video kutoka nyuma usiku ukiachia akseleta. Zisipowaka kabisa hata gari likipungua kwa nguvu, kuna kazi ya kufanya.

Ukifika wakati wa kubadilisha pedi za nyuma

Kwenye magari mengi hendibreki ya umeme iko ndani ya kalipa ya nyuma, na mota yake ndogo inashikilia pistoni. Mwambie fundi aliweke gari kwenye hali ya matengenezo, kwa skrini au kwa mashine, kabla ya kuirudisha pistoni ndani. Anayeibana kwa klampu kwa nguvu bila hivyo anaweza kuvunja gia za ndani, na siku hiyo pedi zinageuka kalipa nzima. Unene wa chini wa diski umegongwa kwenye diski yenyewe, tafuta herufi MIN TH, pima kwa kalipa ya kupimia karibu na katikati ya uso wa kubana, si kwenye ukingo wenye kutu. Kazi ikiisha, kanyaga pedeli mara kadhaa gari likiwa bado halijaondoka, mpaka iwe ngumu mguuni, ndipo uweke D.